Sanduku Huyu

"Sanduku huyu akae na mimi," mama alisema, akalipokonya sanduku lake mikononi mwa dereva na kulipakata kiti cha nyuma.

"Hili," dereva akasema. "Si huyu, mama. Sanduku hili likae na mimi."

"Haya, limekaa. Endesha. Ndege anaondoka saa kumi."

"Inaondoka."

Madereva wenzake wa kijiweni walimwita Mwalimu. Aliwahi kufundisha darasa la nne mihula miwili, akimshikia nafasi mwalimu aliyekwenda kujifungua, na tangu hapo ubao haujamtoka kichwani. Abiria akikosea neno, analinyoosha kabla hajawasha gari. Wengine walishuka wakatafuta teksi nyingine.

Walikuwa wakitoka uwanja mpya wa ndege, ulio mwisho wa jiji upande huu, kwenda ule wa zamani, ulio mwisho wa jiji upande ule. Katikati palikuwa na jiji zima, na jiji zima lilikuwa barabarani.

"Aliyekupangia safari hii hakupendi," Mwalimu alisema walipokwama kwenye taa za kwanza. "Unashuka huku, unaunganishia kule. Mtu mzima anavushwa mji kama kreti ya soda."

"Ni binti yangu."

"Basi anakupenda kwa mbali."

Mama akacheka, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Anataka nikaishi kwake. Nimemwambia, mimi bila huyu ndege siendi popote. Nikimkosa leo, narudi nyumbani nikakae na kuta."

"Ukiikosa. Na ukiikosa hii utapanda ya kesho, mama. Ndege ni ndege. Mabawa mawili na mkia."

"Hakuna kama huyu."

"Kama hii!" Mwalimu akapiga usukani. Kisha akamwangalia kwenye kioo, akalainika. "Hivi kwako kila kitu kina roho?"

"Lugha hii nimeikuta ukubwani, nilipoolewa. Kwetu hatuna mambo ya huyu, sijui hili, sijui huu. Kitu ni kitu. Mume wangu naye alikuwa kama wewe. Nikisema 'nipe kikombe huyu,' anakohoa kwanza, tumbaku ilishamkaa kifuani, halafu: 'Si huyu, mke wangu.' Kila siku ya Mungu."

"Na hukujifunza?"

"Nilijifunza zamani, tena mapema tu. Nilikuwa nakosea makusudi, nimsikie."

Taa zikawaka kijani. Magari hayakusogea.

"Tumemzika mwezi uliopita," mama akasema, akitazama nje. "Picha zake ninazo humu mkobani. Sauti ndiyo huwezi kuitundika ukutani."

Mwalimu akabadilisha gia. Alikata kona ghafla, akaingia njia ya nyuma ya magereji, ile aliyoapa kutopita tena tangu siku alipoacha bampa kwenye shimo. Gari likazama, likaibuka. Fundi aliyelala chini ya lori akavuta miguu yake ndani. Mama alilikumbatia sanduku kama mtoto wa kunyonya.

"Anaweza kufa huyu," akasema.

"Teksi haifi, mama. Inaharibika."

Walipotokeza barabara kuu, askari wa usalama barabarani alikuwa amefunga njia kwa mkono mmoja, kwa mwingine akila karanga. Mwalimu akatoa kichwa dirishani.

"Afande, tunawahi ndege. Wanafunga saa kumi."

"Kila mtu hapa anawahi. Ndege ya nani hiyo?"

"Wangu," mama akadakia kutoka nyuma.

Askari akainama, akamtazama vizuri, kuanzia mtandio uliopauka hadi viatu vya raba. "Kumbe nimemsimamisha tajiri," akasema, akashusha mkono. "Pita, bosi. Ukiruka, nipungie."

Uwanja wa zamani ulipoonekana, Mwalimu alikata moja kwa moja kuelekea mlango wa abiria. Aliona saa kubwa ya ukutani na hakutaka kuisoma.

"Sio hapo," mama akasema. "Zunguka nyuma, kwenye maghala ya mizigo."

"Mama, huko hawapandishi watu."

"Zunguka, mwanangu. Utabishana na mimi kesho."

Alizunguka. Karani wa ghala alikuwa nje, kufuli mkononi, mlango umeshashuka nusu. Mama aliruka kabla gari halijasimama sawasawa. Kiatu kimoja kilibaki ndani ya teksi. Mwalimu akaubeba mkoba, akalibeba na lile sanduku, akamfuata na kiatu kwapani.

Karani aliisoma karatasi ya mama, akaigeuza, akaisoma tena. "Una bahati," akasema. "Ungechelewa kidogo tu, tungemrudisha alikotoka."

Mwalimu akafungua mdomo kumsahihisha na huyu pia. Lakini karani alikuwa ameshainama chini ya mlango na kuingia.

Alirudi amebeba kitu cha mviringo kilichofunikwa shuka, akikishika mbali na mwili wake kama sufuria ya moto. "Na afadhali umchukue," akasema. "Tangu asubuhi kila tukisema neno anatukatalia." Akakitua juu ya sanduku. Shuka ikatikisika. Kwa ndani kukasikika kucha zikikwaruza waya.

Mama alisimama na kiatu kimoja, akaweka kiganja juu ya shuka.

"Mwalimu," akasema, "ndege wangu ndiye huyu."

Chini ya shuka mzee akakohoa, kikohozi kirefu cha tumbaku.

"Si huyu, mke wangu."