Damu ya Imogen

"Sema tena. Unaitwa nani?"

"Imogen."

"Imogen nani?"

Kwenye foleni ya kupimwa damu, mtoto alimkodolea macho. Tegan alimnong'oneza jina la ukoo, akamfuta tena vidole kwa kitambaa chenye maji. Katika mji ule hakuna mama aliyetoka nyumbani bila kitambaa hicho. Viatu viliachwa nje, na bembea zilioshwa kabla mtoto hajapanda, kwa sababu kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kilimwaga vumbi juu ya kila kitu. Vumbi lile liliingia katika damu ya watoto, likawadumaza.

Serikali nayo ilikuwa imechoka kupigwa chenga. Vipimo vya watoto vikizidi kiwango safari hii, kiwanda kinanyang'anywa leseni. Afisa wa mazingira alikuja mwenyewe kutoka Adelaide, mji mkuu wa jimbo, akakaa kando ya nesi kuangalia kila kidole kikichomwa.

Foleni ilisogea. Tegan hakuwa amepata usingizi. Kichwani hakuwa na neno jingine: isizidi, Mungu wangu, isizidi.

"Karibu, mama," alisema Marlene, nesi. "Huyu ndiye Imogen? Mashavu hayo! Mwaka jana alikuwa mifupa mitupu."

"Siku hizi anakula."

"Unampa nini na mimi nile? Au basi, mimi ninayo ya kutosha."

Afisa hakucheka. "Mnaishi karibu na kiwanda, mama?"

"Mtaa wa pili tu. Mume wangu yuko pale tanuruni."

"Basi jiandae. Watoto wa huko huwa wanatoka vibaya."

Tegan alimpakata mtoto.

Sindano ilidona kidole. Mtoto aliangua kilio, akajinyonganyonga mapajani pa Tegan. "Namtaka mama!"

"Nipo, mpenzi. Nipo hapa," alisema Tegan, akambana kifuani.

Mashine ilisoma. Marlene aliangalia, akaangalia tena. "Safi," alisema. "Safi kabisa."

Tegan alilia mbele za watu, bila haya. Afisa alikuna kidevu. "Kumbe wenye kiwanda hawakosei," alisema taratibu. "Mtoto akinawishwa vizuri, inatosha." Akaandika.

Nje, Tegan alimpigia mumewe. "Brett, imetoka safi."

"Na wa wenzetu?"

"Wote walionitangulia, safi."

"Basi hakifungwi."

"Hakifungwi," alisema Tegan, akakata simu.

Nyuma ya duka la mikate dada yake alikuwa akimsubiri garini, mizigo imeshapakiwa, tayari kurudi Adelaide. Mtoto alimrukia shingoni akimwita mama. Tegan aliwapungia mkono mpaka gari likapotea, kisha akaenda kwa jirani kumchukua Imogen, ambaye siku hizi alikuwa akilala mchana kutwa.