Wa Kupendwa

Scholastika alifika kwa Mwalimu Gaudensi asubuhi, amembeba mtoto aliyeachwa wodini na mama asiyejulikana. Mtoto alikuwa abatizwe kesho yake, na Scholastika, mkunga ambaye hakujaliwa kuzaa, ndiye aliyeomba kumlea.

"Shikamoo, mwalimu. Nataka jina la Kilatini. Nimesikia kuna Amata."

"Marahaba, binti yangu," alisema mzee, aliyefundisha Kilatini seminarini hadi macho yakamwishia nuru. "Hilo linatokana na kitenzi cha kupenda, kikageuzwa kuwa sifa. Amata ni aliyependwa."

Scholastika alimtazama mtoto. Aliyependwa na nani, na shuka lenyewe alilofungiwa lilikuwa la wodini?

"Hakuna jingine, mwalimu?"

"Lipo. Amanda. Anayepaswa kupendwa, hata kama bado hakuna aliyeanza."

"Na huyo anayepaswa kumpenda hatajwi?"

"Akitaka kutajwa, huongeza neno moja baada yake. Mihi. Maana yake, anapaswa kupendwa nami."

"Amanda mihi," Scholastika alisema taratibu, akimwinamia mtoto.

Mzee akanyoosha mkono, akipapasa kuutafuta uso wa mtoto, naye Scholastika akasogea karibu.