Picha Iliyobaki ya Vienna

Picha ya safari isiyosimuliwa kwa mtu kabla ya muda wake kuisha hufutwa kwenye simu, na kichwani mwa mwenyewe pia. Ndiyo sheria. Muda wa picha za Bi Mwanakheri ulikuwa unaisha magharibi ya siku ile, kwa hiyo aliwapikia majirani pilau, akawaonyesha Ulaya.

Kwa adabu ya mwenye wageni, alianza na za kupendeza: mnara wa Paris, maboti ya Venisi, theluji ya Uswisi. Ya marehemu mwanawe, Nuriati, aliiweka mwisho, asije akawaharibia watu chakula kwa msiba. Pilau ilipokwisha, wageni wakaanza kutafuta viatu vyao.

"Salha, bado moja," alimng'ang'ania jirani yake mlangoni. "Ni Nuriati, Vienna, anakula aiskrimu. Kuna neno aliniambia pale."

"Shoga, hiyo Ulaya imenifika shingoni. Nitakuja kesho, wallahi."

"Kesho nitakuwa nimeshasahau! Kaa kidogo tu, nakuomba!"

Salha alikwishatoka. Mwanakheri alimpigia kaka yake, hakupokea. Basi akaisimulia picha ile peke yake sebuleni, kwa sauti, huku analia. Simu ikaandika: Hakuna msikilizaji. Adhana ya magharibi ikaanza.

Asubuhi Salha alirudi na maandazi, amejaa haya.

"Haya shoga, leo nasikiliza. Nuriati alikuambia nini kule Vienna?"

Mwanakheri aliacha kumimina chai, akamtazama.

"Masikini mwanangu," alisema. "Kwani naye aliwahi kufika Ulaya?"