Makato ya Achari

Siku hizo wauzaji wadogo hawakukatwa pesa tena. Kila malipo yalipoingia, mtandao ulikata ladha kidogo kwenye ulimi wa muuzaji. Chausiku alikuwa ameuza achari ya embe mpaka hakuonja tena chochote. Chumvi alionjewa na binti yake, Sijali.

Mchana ule mteja mmoja akaikataa achari, akadai pesa zake.

"Ndugu muuzaji," sauti ya simu ikasema kwa adabu, "tumemrudishia mteja malipo yake."

"Na ladha yangu je?"

"Makato hayarudi, ndugu. Na kurudisha malipo nako kuna makato yake."

Chausiku akacheka. "Kateni basi! Ulimi wenyewe umebaki gogo, mtakata nini?"

"Tumeshakata, ndugu. Salio lako halikutosha, tumechukua kwa mtu wa nyumbani kwako. Asante kwa kutumia huduma yetu."

Kicheko kikamkauka. Akakimbilia jikoni. Sijali alikuwa ameketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, ameshika kipande cha ndimu, kitu ambacho kila siku humfanya akunje uso na kupiga miguu kwa raha. Alikinyonya. Akakigeuza, akakinyonya tena, uso umetulia tuli.

"Mama," akauliza, "mbona leo umenunua ndimu za maji?"