Ukaguzi wa Shule ya Bata

Ndege walipojenga shule ya kuogelea, ualimu walimpa Bata, aliyeamini kwamba kila mwenye manyoya huelea. Muda si mrefu Tausi, mtawala mpenda sifa, akatuma wakaguzi wawili: Kunguru ahesabu, Kasuku ahoji.

"Wanafunzi wote niliowakuta wanaogelea," alisema Kunguru.

"Na wote niliowahoji wanampenda mwalimu," alisema Kasuku.

"Hesabu na maneno yamekubaliana!" Tausi alishangilia. "Sasa kila mtoto lazima asome pale."

Kuku akasogea mbele. "Mheshimiwa, mbona mwanangu Kidoti hajarudi?"

"Sikumkuta nilipohesabu," alisema Kunguru.

"Wala mimi nilipohoji," alisema Kasuku.

"Mngemkutaje?" alilia Kuku. "Yuko chini ya maji pamoja na vifaranga wenzake!"

"Mama Kidoti," alisema Tausi, "aliye chini ya maji hahesabiwi wala hahojiwi. Ripoti imeshapita."

Amri ni amri. Kesho yake Kuku alimpeleka kifaranga wake wa mwisho. Bata alimpokea kwa upole mwingi.

"Ingia, mwanangu, usiogope. Waulize wenzako hawa, wote wanaogelea."