Mguu wa Bwana Lubuva

Bwana Lubuva alitandika leso kwenye benchi la gereji kabla ya kuketi.

"Gari hili ni la umeme, halina mafuta," alisema. "Hiyo taa nyekundu izime tu, niende zangu."

Fundi Zamda alifungua boneti, akamwonyesha kikopo cha mafuta ya breki. Kilikuwa karibu kitupu. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limelowa kwa ndani, mpira wa breki umepasuka.

"Umeme unakuondoa, bosi. Kusimama, unasimama kwa mafuta haya haya."

"Siku hizi hata wanawake ni mafundi," Bwana Lubuva akaiambia simu yake, akacheka.

Zamda alifunga mpira mpya, akajaza mafuta. Ikabaki kutoa upepo ulioingia kwenye mipira ya breki, kazi ya watu wawili.

"Ingia ndani. Kanyaga breki, shikilia mpaka niseme achia."

Akakanyaga. Akashikilia. Akaachia alipoambiwa, mara kumi na mbili, suti ikilowa jasho. Akakanyaga tena; Zamda akakaza nati ya mwisho, kazi ikaisha, akafuta mikono, akaketi kwa muuza chai pale mlangoni.

"Bado nishikilie?" sauti ikauliza kutoka garini.

"Shikilia hapo hapo," Zamda akajibu, akaagiza kikombe cha pili.