Njia ya Juu

Haya alinisimulia binti wa wazee wenye kisa hiki, yule anayepima damu hospitalini, wiki moja tu baada ya safari, alipokuja nimkazie vifungo vya koti lake la kazi. Nayaandika kama alivyoyatoa.

"Njia ya chini ndiyo nzuri," Baba alisema kwa mara ya nne, na gari lilikuwa limekwisha kuingia njia ya juu.

Mpaka wa nchi waliuvuka asubuhi, pasi zikagongwa mihuri, na sasa walikuwa nchi ya watu. Milima ilikuwa imelimwa ngazi kwa ngazi mpaka kileleni. Maji yaliporomoka kwenye majabali meupe kama shuka iliyoanikwa. Redio, mjukuu wa miaka sita, aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Babu, mbona unatoka jasho na dirisha liko wazi?"

"Jua hilo, mchumba."

"Jua liko upande wangu!"

Mama akacheka kidogo. Safari hii ilikuwa yake. Ni yeye aliyeitaka, ni yeye aliyechagua njia. Miaka thelathini na tatu mumewe aliendesha lori kwenye barabara hizi, akirudi nyumbani siku nne kwa mwezi, na yeye hakuwahi kuziona hata kwa picha. Sasa mzee amestaafu. Mwaka na zaidi yuko nyumbani kutwa, na kazi yake kubwa ni kumfundisha mkewe namna ya kukata vitunguu.

Binti ndiye aliyeshika usukani. Baba alikaa kando yake, mguu wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo.

Kibao kikatokea: kilomita kumi na mbili kuufikia mji uliokuwa mbele yao.

"Hapo tusisimame," Baba akasema. "Hakuna kitu hapo. Vumbi na wezi."

"Kwani wewe ulikuwa unakula wapi?" binti akauliza.

"Mbele. Mbele kabisa. Mji huu mimi napita tu. Sijawahi hata kukanyaga chini."

"Mimi nitashuka," Mama akasema kutoka nyuma. "Nataka kujinyoosha. Magoti yanawaka."

"Vumilia, mama watoto. Nusu saa tu kuna mahali pazuri, pana kivuli."

"Magoti ni yangu au yako?"

Baba akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Redio akauliza maswali mawili matatu, kisha usingizi ukamchukua, akalala kinywa wazi juu ya paja la bibi yake.

Mjini walikuta barabara kuu imefungwa. Kalvati lilikuwa limebomoka, na mtu mwenye bendera nyekundu aliwapungia wageuze. Binti akatazama kulia, akatazama kushoto. Malori yalikuwa yamejipanga nyuma yake yakipiga honi.

"Kata kushoto kwenye duka la dawa," Baba akasema upesi. "Ingia uchochoro wa pili. Polepole, kuna jiwe limechomoza ukutani, litakuchuna mlango. Usiogope, lori haliingii hapo, hutakutana nalo."

Binti akakata kushoto. Duka la dawa lilikuwepo. Jiwe lilikuwepo.

Hapo ndipo binti alipong'amua. Lori haliingii hapo. Basi Baba aliingia kwa miguu, na si mara moja.

Akamtazama. Mzee naye alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe, maana uso ulikuwa umempauka, na macho yalimwomba binti yake jambo moja tu: kanyaga mafuta.

Akatazama kwenye kioo. Mama alikuwa akiangalia nyumba zinavyopita, mkono kichwani kwa mjukuu. Mama huyu aliyeshona sare za wanafunzi mpaka vidole vikapinda. Mama huyu aliyesimama dirishani kila mwisho wa mwezi akisikiliza kama lori linakuja. Leo moyo wake uje upasuke uchochoroni, nchi ya watu? Hapana. Binti akaamua kuwa mwongo pamoja na baba yake.

"Mama, tumechelewa. Utajinyoosha mbele."

"Simama."

"Hapa hata choo hakuna, Mama."

"Nimesema simama, mwanangu."

Sauti ile ilikuwa ikimsimamisha tangu angali mtoto. Akasimama. Mbele yao palikuwa na nyumba ya mlango wa buluu, na maua yaliyooteshwa kwenye makopo ya rangi. Baba akaserereka kitini mpaka ukabaki upara tu.

Mlango ukafunguka. Akatoka mwanamke, umri wake chini kidogo ya Mama, akifuta mikono kwa nguo aliyojifunga kiunoni. Akalitazama gari. Akautazama ule upara.

Binti akaacha injini ikinguruma, mkono kwenye gia. Mama akamlaza mjukuu taratibu kwenye kiti, akashuka, akaenda moja kwa moja kwa yule mwanamke. Binti akafumba macho, akingoja kelele.

"Mke mwenzangu," akamsikia Mama akisema, "tangu mtu huyu astaafu nakula zamu zako zote peke yangu, niwie radhi. Nimekuletea."

Akarudi, akamfungulia mumewe mlango, akangoja mpaka aliposhuka. Kisha akaketi yeye pale mbele, akakilaza kiti nyuma kabisa, na kabla hawajatoka uchochoroni alikuwa anakoroma.